Kati ya mnazi na mgonjwa: majina tunayowapachika wapenzi wa anime

Katika kilima cha Mulago, jijini Kampala, kumpa mtu jina la hali yake ni kazi yenye masharti. Hospitali ya taifa ya rufaa ipo hapo pamoja na Chuo cha Sayansi za Afya cha Makerere, na mwanafunzi wa udaktari hufundishwa mapema kwamba jina la ugonjwa haliandikwi kwenye faili kabla ya kuuliza dalili ni zipi, zimeanza lini na zimemzuia mtu kufanya nini. Ukiteremka kuelekea Wandegeya au Kamwokya, kwenye vibanda vya kunakili filamu, majina hutolewa bure. Kijana aliyemaliza Naruto na sasa anasubiri kwa hamu sehemu mpya ya One Piece ataitwa otaku na wenzake, weeb na wanaomkejeli, na nyumbani huenda akaambiwa katuni zimemharibu kichwa. Wengi huyachukua majina haya kama ngazi moja: unaanza otaku, unazidi ukawa weeb, unamalizia kwa daktari. Hoja yangu ni kwamba hakuna ngazi hiyo. Kila jina lilizaliwa kutokana na hofu ya mahali fulani, na likihamishiwa Uganda, hofu hubaki kule ilikotoka, ila mwiba husafiri.

Tuanze na otaku. Kwa Kijapani, taku ni nyumba na o- ni kiambishi cha heshima, hivyo otaku ni "nyumbani kwako" kwa lugha ya adabu. Maana ikapanuka, likawa namna ya kusema "wewe" kwa mtu usiyemzoea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wapenzi wa komiki na katuni waliokutana katika masoko ya machapisho ya mashabiki, kama lile la Comiket lililoanza Tokyo mwaka 1975, walikuwa wakiitana hivyo. Sikio la Mjapani wa kawaida lililipokea kama sisi tungempokea mwanafunzi anayemwambia mwenzake wa dawati moja, "Mheshimiwa, niazime kalamu." Adabu ilikuwa imepita kiasi, na wasikilizaji waliona ndani yake vijana wasiojua kusogeleana. Mwaka 1983 mwandishi Akio Nakamori, katika safu yake kwenye jarida la Manga Burikko, alilidaka neno hilo na kulibandikia kundi zima kwa dhihaka. Tuangalie sarufi ya tukio hilo: neno la nafsi ya pili, lililotumika kusema na mtu, likageuzwa la nafsi ya tatu, la kumsema.

Miaka sita baadaye dhihaka iligeuka woga. Tsutomu Miyazaki, aliyewaua watoto wanne wa kike, alikamatwa mwaka 1989, na vyombo vya habari vilipoonyesha chumba chake kilichojaa maelfu ya kanda za video, vikamwita muuaji otaku. Mshtakiwa alikuwa mmoja, lakini kila kijana mwenye kabati la kanda alijikuta kizimbani pamoja naye. Wenye jina hawakunyamaza. Toshio Okada, mmoja wa waanzilishi wa studio ya Gainax, alichapisha mwaka 1996 kitabu cha utangulizi wa "elimu ya otaku", akimweleza otaku kuwa ni mtu mwenye jicho la mjuzi. Mwaka 2005 hadithi ya Densha Otoko, inayomhusu otaku mwenye haya anayepata mchumba, ilitolewa kama filamu na tamthilia ya televisheni. Siku hizi Mjapani anaweza kujitaja otaku wa treni au wa kamera bila kugusa katuni hata moja. Katika muda wa kizazi kimoja, neno lilelile limebeba adabu, dhihaka, woga na fahari. Kwa hiyo anayeuliza "otaku maana yake nini" anapaswa kwanza kuuliza limetamkwa na nani, na mwaka gani.

Weeaboo, ambalo weeb ni kifupi chake, lina ukoo mwingine kabisa. Huko Marekani kulikuwa na tusi "Wapanese", lililounganisha neno la mtu mweupe na neno la Mjapani, na lililenga vijana wa Kizungu waliotamani laiti wangezaliwa Tokyo. Mchora vibonzo Nicholas Gurewitch alikuwa amebuni weeaboo kwa ajili ya kichekesho chake, bila kulipa maana yoyote. Wasimamizi wa tovuti ya 4chan, walipochoshwa na tusi la kwanza, waliuelekeza mtambo wao ubadilishe kila "Wapanese" iliyoandikwa na kuweka weeaboo mahali pake. Neno tupu likarithi tusi zima. Kiini chake ni rangi na mpaka: mtu wa jamii yenye nguvu anashutumiwa kwa kuuvaa utamaduni wa wengine kama kanzu ya sherehe. Sasa mtoe Mzungu kwenye sentensi hiyo, umweke kijana aliyekulia Mulago. Hakuna uzungu anaoukimbia, na hakuna historia ya Uganda kuitawala Japani inayoyafanya mapenzi yake yawe na ukakasi. Anayemwita weeb ameazima ugomvi wa watu wengine, na hata chanzo chake hakijui.

Ukitaka kuona jinsi lawama hii isivyokaa sawa Kampala, tazama vitu vingine vya kigeni tunavyovipenda. Kwa miaka mingi vibanda vya video vya jiji hili vimeonyesha filamu za Hong Kong na Marekani huku VJ akiwa ameshika kipaza sauti, akiwatafsiria watazamaji kwa Kiganda, akiongeza utani na kumpa mhusika tabia za mtaani. Isaac Nabwana wa Wakaliga, anayejulikana kama Nabwana I.G.G., alitoa mwaka 2010 filamu Who Killed Captain Alex? iliyojaa mateke ya kung fu na sauti ya VJ Emmie, na dunia ikaisifu kama kazi ya Uganda. Au tazama mpira. Januari 2023, Arsenal ilipoifunga Manchester United, mashabiki wa Jinja waliingia barabarani na jezi nyekundu na kombe la kuigiza, hadi polisi wakawakamata kwa kuandamana bila kibali. Hata katika mkasa huo hakuna aliyesema wamekana asili yao ili wawe Waingereza. Shabiki wa London huonekana mchangamfu. Shabiki wa Tokyo huonekana ana kasoro. Mapenzi yao hayatofautiani kwa ukubwa, bali kwa mazoea yetu sisi tunaotazama: kelele za mpira tumeshazizoea.

Kiswahili, kwa bahati nzuri, kina msamiati wake wa mapenzi yaliyopitiliza, na msamiati huo hauvuki kwenda kwenye damu wala hospitali. Kuna mpenzi, kuna shabiki, kuna mnazi ambaye timu yake ikifungwa hali chakula, na kuna kindakindaki ambaye hata uongozi ukimkosea haondoki. Tanzania ina mkereketwa, neno lenye asili ya kuwashwa kooni, ambalo wanachama wa CCM wamelibeba kwa fahari na kufungulia mashina. Hata "ushabiki", tunapolitumia kukemea, hulenga kitendo: mtu ameacha kupima hoja kwa sababu ya upande wake. Tunaweza kumwambia mnazi wa anime kwamba ushabiki umemziba macho bila kudai kwamba amepoteza utu. Lugha iliyo na ngazi nzuri kiasi hiki haina sababu ya kuazima ngazi iliyovunjika.

Limebaki jina la tatu, la ugonjwa, na hapa Mulago ina haki ya kusema. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inao ugonjwa wa kushindwa kujidhibiti katika michezo ya video. Masharti yake ni mtu kushindwa kuutawala mchezo, kuutanguliza mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi, kiasi cha kuvuruga familia, masomo au kazi. Orodha haimpimi mtu kwa idadi ya saa peke yake, wala kwa mabango yaliyobandikwa chumbani. Kupenda katuni, za Japani au za kwingineko, hakumo. Wala tofauti hii, kati ya kupenda mno na kuugua, si ya kuletwa na wageni. John Orley, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu utamaduni na magonjwa ya akili nchini Uganda, alionyesha kuwa Waganda hawalichanganyi eddalu, yaani wazimu, na obusiru, yaani upumbavu. Mzazi anayesema "mwanangu ana wazimu wa katuni" anazungumza kwa mkazo, na hakuna ubaya. Ubaya huanza pale mkazo unapochukuliwa kuwa uchunguzi.

Yapo mapingamizi, na mawili yana uzito. La kwanza linasema kuna vijana wanaoharibikiwa kweli, wanaokesha hadi wanafeli mitihani, na kuwakataza watu majina ni kuwafumbia macho. Najibu kwamba jina la kejeli ndilo linalofumba macho. Anayeitwa weeb kwa sababu ya fulana yake na anayeitwa weeb kwa sababu haendi tena darasani wametiwa kapu moja, na yule wa pili, anayehitaji msaada, hufichwa na kicheko. Pingamizi la pili linasema huu ni utani tu, na wahusika wenyewe wameshalikumbatia jina. Jijini Nairobi tamasha la Otamatsuri limeunganisha otaku na matsuri, yaani sherehe. Ni kweli, na mfano huo unaiunga mkono hoja yangu: jina lililochaguliwa na wenyewe linafungua mlango wa ukumbi, na lililorushwa na wengine linaufunga.

Kilima cha Mulago kina ushahidi mzito zaidi juu ya jambo hilo. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda, miongoni mwao David Serwadda na Nelson Sewankambo, waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa ambao wananchi walikuwa wakiuita "slim" kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Kwa Kiganda likawa silimu, na aliyenyooshewa kidole kwa jina hilo alikwepwa hata na ndugu. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO, ambalo kituo chake cha Mulago kipo hadi leo, wakahimiza watu wazungumze kama wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na waishi kwa matumaini. Virusi havikubadilika kwa sababu ya maneno, lakini mtu aliweza kuingia kliniki akiwa mtu. Siwezi kulinganisha uzito wa Ukimwi na wa katuni. Itakuwa kukosa adabu. Ninacholinganisha ni njia: jina lililomfanya mtu asemwe lilianza kupoteza sumu pale alipopewa nafasi ya kusema.

Kwa hiyo mzazi mwenye wasiwasi anaweza kuanza kwa maswali yaleyale ya kilimani: unalala saa ngapi, masomo yanaendaje, ukitaka kuzima unaweza, na hadithi hiyo inakupa nini usichokipata kwingine? Majibu yakitisha, kliniki ipo. Yasipotisha, nyumba ina mnazi, kama nyumba nyingi za Kampala. Otaku, kabla halijawa jina la mtu yeyote, lilikuwa namna ya adabu ya kumgeukia mtu na kusema naye.