Dawa za mfadhaiko si Panadol, buda

Wiki ya kwanza nilipoanza kumeza dawa za mfadhaiko, kila asubuhi nilikuwa najisikiliza kama mtu anayengoja M-Pesa iingie. Hakuna kitu. Kichefuchefu tu, na usingizi umekataa. Siku ya 9 nikaacha. Nilikuwa nimeshaacha chuo mwaka huo, nikaona hata dawa nayo imeniangusha.

Kumbe haraka ilikuwa yangu. Fluoksetini, ambayo ndiyo nilipewa, huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6, ndipo uione kazi yake. Madhara hutangulia, nafuu hufuata. Kliniki hakuna aliyeniambia hivyo. Foleni ilikuwa imefika nje. Mwezi mmoja baadaye daktari mwingine alinianzisha upya, na safari hii akanieleza.

Beshte yangu mmoja anaishi na HIV. Kwake hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Alikuwa anameza ARV zenye efavirenzi, ile ya ndoto za ajabu usiku. Dawa hiyo yenyewe inaweza kumletea mtu mfadhaiko. Kwa hivyo daktari hakukimbilia kumwandikia nyingine, alimuuliza kwanza, "Unameza gani sasa?" Akahamishiwa dolutegraviri, aimeze asubuhi kwa sababu nayo huweza kusumbua usingizi. Ndoto zikaisha. Huzuni ikabaki. Hapo ndipo akaanzishiwa sertralini, ambayo haigombani sana na dolutegraviri.

Mbona si amitriptilini, na ni ya bei nafuu? Inafanya kazi, ndiyo, lakini inakausha mdomo, inakulaza mchana, na ukiizidisha inaweza kuvuruga moyo hadi ufe. Sasa chukua mtu ambaye ARV zake zina ritonaviri. Ritonaviri hulizuia ini kuivunja hiyo amitriptilini, kiwango kinapanda mwilini na hajaongeza hata tembe moja. Ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo, kisha anapandisha polepole.

Na hizo dawa "za asili" mnazoagiza mtandaoni? Soma kibandiko. Ukiona St. John's wort na uko kwa ARV, wacha. Inashusha kiwango cha dolutegraviri, virusi vinapata mwanya.

Kama hujafika miaka 25, wiki za mwanzo mwambie mtu wa karibu akuangalie. Mawazo ya kujiua yanaweza kuzidi kabla ya kupungua. Yakija, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kadi.

Juzi mathe alinikuta na paketi.

"Si ulipona? Bado unameza?"

"Nimepata nafuu, mathe. Daktari anataka niendelee angalau miezi 6 kutoka hapo, halafu tupunguze kidogo kidogo. Nikiacha ghafla, kizunguzungu kinaweza kunilaza."

Akanyamaza kidogo.

"Na unameza kabla ya kula ama baada?"

Nikamwambia mimi huimeza baada ya chai. Akaenda kuweka sufuria jikoni.