Mabao Kumi na Mawili ni Mangapi?

Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ukifika, ukisimama pembeni ya uwanja hapa Makoko utasikia mfungaji akisifiwa kwa idadi tu: "Huyu dogo ana kumi na mbili, timu zimchukue." Kumi na mbili kati ya ngapi? Hilo haliulizwi, na kwangu ndilo swali lenye uzito.

Tuseme kijana mmoja ana mabao 12, shule yake imefunga 40, naye ana miaka 19. Mwingine ana 6, shule yake imefunga 9, naye ana miaka 15. Wa kwanza amebeba chini ya theluthi ya mabao ya timu. Wa pili amebeba theluthi mbili, tena akipambana na mabeki waliomzidi miaka na kifua. Ningekuwa na nauli ya safari moja tu, ningekwenda kumtazama wa pili.

Hesabu hii Wamarekani wameichimba sana. Katika futiboli yao, klabu za kulipwa huchagua vijana wa vyuo kwa zamu kila mwaka, na mdakaji wa pasi husifiwa kwa yadi alizokusanya. Lakini chuo kinachorusha mpira kutwa humnenepeshea kila mdakaji hesabu zake. Ndiyo maana wachambuzi hutazama sehemu yake katika yadi za timu nzima, na umri alioanza kung'ara. Hata hivyo klabu huteleza: mdakaji Puka Nacua alichaguliwa wa 177 mwaka 2023, akamaliza msimu wake wa kwanza na yadi 1,486, rekodi kwa mchezaji mpya wa ligi yao.

Kwetu, zaidi ya sehemu ya mabao, mtihani mkubwa ni mfungaji kupanda daraja. Michael Olunga wa Kenya alifunga mabao 8 katika mechi moja ya daraja la pili Japani, Novemba 2019, Kashiwa Reysol ikishinda 13-1. Ilikuwa rahisi kuiita bahati ya siku. Mwaka uliofuata, ligi kuu, akafunga 28 na kuwa mfungaji bora. Mbwana Samatta wetu alifunga 23 katika ligi ya Ubelgiji msimu wa 2018/19 akiwa Genk. Alipofika Aston Villa ya Uingereza akapata bao moja la ligi katika mechi 14. Miguu ilikuwa ile ile. Timu ndiyo ilikuwa ikihangaika isishuke daraja, na mshambuliaji hafungi mpira asioletewa. Namtetea kila ninapomsikia akibezwa.

Biashara United ilipokuwa Ligi Kuu, tangu 2018 hadi iliposhuka 2022, soka la juu lilikuja Uwanja wa Karume hapa hapa Musoma. Sasa haliji tena, na kijana wetu hutangulizwa na karatasi ya hesabu zake, na mara nyingi karatasi hiyo haipo. Nawaomba walimu wa michezo wanunue daftari moja. Kila mechi waandike dakika alizocheza, mabao yake, mabao ya timu, mpinzani, na tarehe ya kuzaliwa kutoka kwenye cheti chenyewe, hata kama cheti kinasema ana miaka 20.