Seva Musoma, Nakala Bunda

Mpiga picha za harusi mjini Musoma, mwalimu wa taaluma katika sekondari ya Bunda na mtafiti wa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kule Butiama hawafanani kwa kazi, lakini hatari yao ni moja: jasho la miaka mingi limo ndani ya diski moja. Diski nayo ina siku yake. Backblaze, kampuni ya Marekani inayotunza data za wateja kwenye mamia ya maelfu ya diski na kutangaza hali ya diski hizo, iliripoti kwamba kiwango cha kuharibika kwa mwaka 2023 kilikuwa asilimia 1.70. Na hizo hukaa kwenye vyumba vyenye ubaridi na umeme uliotulia. Kandokando ya Ziwa Victoria mambo ni mengine. Bonde la ziwa hili ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na mwizi akiingia ndani, kompyuta mpakato ndiyo anayoanza nayo. Kwa hiyo anayeishi kwa kazi ya kompyuta katika mkoa wa Mara anahitaji nakala za akiba kuliko aliye mahali patulivu, na njia inayomfaa zaidi ni seva ndogo ya nyumbani, kwa sharti kwamba isibaki peke yake.

Neno seva huwatisha wengi kwa sababu huwakumbusha makabati ya benki yenye taa zinazomulika. Kwa kazi ya akiba, seva ni kompyuta yoyote inayokaa macho na kupokea faili kutoka kompyuta nyingine za nyumba au ofisi. Kompyuta mpakato ya zamani, hata yenye kioo kilichopasuka, inatosha, na ina faida ambayo mashine mpya za mezani hazina: betri yake huishikilia umeme unapokatika, basi mashine haizimiki ghafla katikati ya kuandika. Huwekwa mfumo wa Linux kama Debian, ambao haulipiwi, huongezwa diski kubwa ya nje, na kuunganishwa na ruta kwa waya. Kisha programu ya akiba kama Restic au Borg, zote za bure, hupangiwa muda wa usiku. Usiku wa kwanza hunakili kila kitu; usiku unaofuata huchukua yaliyobadilika tu. Gharama ya umeme si ya kutisha. Mashine ya wati 15 ikiwaka usiku na mchana hutumia uniti 11 hivi kwa mwezi, na LUKU ikiwa shilingi 350 kwa uniti, hiyo haifiki shilingi 4,000. Fedha kubwa itakwenda kwenye diski na kinga ya umeme, na kinga ndiyo isiyofaa kubanwa bei, kwa kuwa radi moja inaweza kuunguza kompyuta na seva yake kwa pamoja.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ajisumbue wakati Google Drive na huduma nyingine za wingu zipo. Swali hilo ni la haki. Kwa mwenye barua chache na picha za simu, wingu linatosha. Ugumu huanza pale faili zinapokuwa kubwa. Mpiga picha mwenye GB 200, akiwa na intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kukwama, atahitaji karibu siku nne kuzipeleka, na siku ya maafa atazisubiri na kuzilipia bando tena zikirudi. Kwa waya wa ndani ya nyumba, mzigo huohuo husafiri kwa saa chache tu. Isitoshe, njia ya kufika kwenye wingu hupita mbali. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Data iliyokuwa kwenye wingu haikupotea siku hiyo, lakini haikufikika kirahisi, na kwa mwenye kazi ya kukabidhi kesho yake tofauti ya hayo mawili ni ndogo. Wala wingu si mbinguni. Ni jengo la watu wengine. Jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea tarehe 10 Machi 2021, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa kwenye eneo hilohilo.

Funzo la Strasbourg linamgeukia pia mwenye seva ya nyumbani. Seva iliyoko chumba kimoja na kompyuta inayoilinda itaibiwa nayo, itaungua nayo, itapigwa radi nayo. Ndiyo maana wataalamu hushikilia kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu za kila kitu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali. Katika Mara, mbali si lazima kuwe Ulaya. Bunda iko zaidi ya kilomita 60 kutoka Musoma. Radi ya Musoma haiunguzi diski ya Bunda, na mwizi wa Mwigobero, kata ya Musoma mjini, hajui kama nakala nyingine ipo Butiama kwa shemeji. Nyumba mbili za ndugu au ofisi mbili za marafiki zinaweza kutunziana: kila moja ina seva yake, na kila moja inashika nakala ya mwenzake. Mzigo wa kwanza hausafirishwi kwa bando; hunakiliwa kwenye diski, diski ikatiwa kwenye mkoba wa anayesafiri. Baada ya hapo hutumwa mabadiliko ya siku tu, ambayo kwa ofisi ya kawaida ni machache. Programu kama Tailscale huunganisha nyumba hizo kwa njia ya siri hata kama kila moja inatumia intaneti ya simu.

Hapo huja wasiwasi wa siri za watu. Shule itawekaje taarifa za wanafunzi nyumbani kwa mtu mwingine? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kuzilinda ni pamoja na kuzuia zisipotee na zisivuje. Restic na Borg hufunga data kwa nywila kabla haijatoka Musoma, basi anayeitunza Bunda huona marundo ya herufi zisizosomeka. Lakini ulinzi huo una makali pande zote mbili: nywila ikisahaulika, hata mwenyewe hafungui. Iandikwe kwenye karatasi na iwekwe panapowekwa hati ya kiwanja, tena si nyumba moja tu. Shule au taasisi iandikiane na mtunzaji kabla ya kupeleka chochote, na uongozi wake ujue.

Wengine hununua diski mbili zinazonakiliana papo kwa papo wakaamini wamemaliza. Mpango huo huokoa pale diski moja inapokufa, lakini haumwokoi aliyefuta faili kwa bahati mbaya, kwa kuwa kosa nalo hunakiliwa sekunde hiyohiyo. Wala haumwokoi aliyevamiwa na programu ya kudai fidia kama WannaCry, iliyofunga faili za kompyuta duniani kote Mei 2017. Akiba ya kweli hukumbuka jana, wiki iliyopita na mwezi uliopita kila kimoja kwa nafasi yake. Na kompyuta ya kila siku isipewe ruhusa ya kufuta nakala za zamani kwenye seva. Iwe na uwezo wa kuongeza tu, ili kirusi kikiingia kisiifuate akiba hadi ilipo.

Pingamizi zito zaidi ni la utunzaji. Seva isiyoangaliwa humpa mwenyewe utulivu wa uongo, na huo ni mbaya kuliko kukosa akiba kabisa, maana anayejua hana akiba walau huwa mwangalifu. Hata wakubwa wamenaswa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta data kwa makosa, na walipoziendea njia zao tano za akiba hawakukuta hata moja inayofanya kazi sawasawa. Iliyowaokoa ilikuwa nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla. Zaidi ya kuwa na nakala, basi, linalotakiwa ni kuzirudisha mara kwa mara. Jumamosi moja ya kila mwezi itengwe: faili tatu zichaguliwe bila mpango, zirudishwe kutoka Musoma na tena kutoka Bunda, zifunguliwe, zisomwe. Hapohapo ripoti ya afya ya diski iangaliwe, vumbi na wadudu wa ziwani wapulizwe kwenye feni, na masasisho ya mfumo yawekwe. Ni kazi ya nusu saa. Asiyeweza kuitenga nusu saa hiyo asijenge seva. Anunue diski mbili za nje na kuzibadilishana kati ya nyumba yake na ya ndugu kila wiki, atakuwa salama kuliko mwenye seva iliyosahauliwa.

Kwa anayeweza kuitenga, faida inazidi mfuko wake. Katika Mara kuna sauti za wazee zinazorekodiwa kwa Kizanaki, Kikabwa, Kikwaya na Kisimbiti, lugha ambazo hazina maktaba kubwa ya kuzirithi. Harusi inaweza kupigwa picha upya kwa aibu na gharama. Mzee aliyefariki hahojiwi tena. Anayerekodi mambo ya aina hiyo hana haki ya kuyaacha kwenye kompyuta moja, na sasa hana kisingizio cha bei: kompyuta kuukuu ipo, programu ni za bure, na ndugu wa Bunda hupokea simu. Aanze na kompyuta moja na folda moja, na asiseme ana akiba mpaka amerudisha faili yake kutoka Bunda na kuifungua.