Rangi nyekundu si hukumu kwa wasioona mbali

Mfanyabiashara anayevaa miwani ya kuonea mbali anaweza kupigwa picha ya neva ya jicho, majibu yakatoka na rangi nyekundu, akaambiwa ana glakoma, ugonjwa unaopofusha kimyakimya. Kabla hajauza mzigo kugharamia dawa za maisha, ni vyema ajue mashine inavyofanya kazi.

Mashine hupima unene wa tabaka la neva, kisha huulinganisha na kumbukumbu za macho yasiyo na ugonjwa. Mara nyingi kumbukumbu hizo hazina macho ya miwani yenye namba inayopita -6. Jicho lisiloona mbali ni refu. Tabaka lake huonekana jembamba hata likiwa salama.

Hata hivyo, kutoona mbali kwenyewe huongeza hatari ya glakoma, hivyo majibu hayapuuzwi. Daktari hupima pia presha ya jicho na upeo wa kuona, kisha hurudia picha baada ya miezi kadhaa kuona kama tabaka linazidi kupungua.

Anayepimwa Nairobi leo na Arusha mwakani avuke Namanga na picha zake zote, na atafute mashine ya aina ileile, kwani vipimo vya mashine tofauti havilinganishiki. Uwezo wa kuona ukishapotea kwa glakoma, haurudi.