Boma Si Nyumba: Hesabu ya Kujenga na Kununua

Mtu akikwambia amejenga kwa milioni arobaini, muulize: arobaini hadi wapi? Wengine huhesabu mpaka linta, wengine mpaka bati. Wanaohesabu hadi siku waliyolala ndani, maji yanatoka na choo kinafanya kazi, ni wachache. Ndiyo maana kujenga huonekana rahisi kuliko kununua: bei ya boma inalinganishwa na bei ya nyumba.

Kama mkadiriaji majenzi, nawaambia wateja wangu wa Dar es Salaam kwamba kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, boma lililosimama halijafika nusu ya gharama. Kuta hupanda haraka, majirani wakaziona, mwenyewe akapata moyo. Kisha zinakuja kazi zinazomeza fedha kimyakimya: kupaua, plasta, madirisha ya aluminiamu, milango, nyaya na mabomba, karo la maji taka, dari ya jipsamu, marumaru, rangi, uzio na geti. Pita Chanika au Kibada uone maboma yaliyoota magugu sebuleni. Ramani zilikuwa nzuri tu. Fedha ndizo zilizoishia kwenye linta.

Halafu kuna kodi ya nyumba unayopanga. Anayejenga kwa miaka mitano huku akilipa laki tatu kwa mwezi ametoa shilingi milioni 18 ambazo hazimo kwenye daftari lake la ujenzi. Hata hivyo, siwacheki wanaojenga kwa awamu. Kwa mtu asiye na mkopo wa nyumba, kujenga ni namna ya kuweka akiba, na matofali yaliyopangwa kiwanjani hayaombwi na shemeji.

Faida kubwa ya kujenga ni kuona kilichofichwa, mradi uwe na jicho pale kiwanjani. Zege linatakiwa kumwagiliwa maji angalau siku saba, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Fundi mwenye haraka halimwagilii na anaanza kupandisha kuta kesho yake. Mchanga wa baharini una chumvi inayokula nondo. Anayesimamia kwa picha za simu kutoka Muscat au Toronto hawezi kuyajua hayo. Akimlipa mtaalamu wa kukagua kila hatua, atatumia kidogo kuliko atakachopoteza.

Anayenunua anajua bei tangu mwanzo. Asichokijua ni afya ya jengo na usalama wa haki anayouziwa.

Jengo likague wakati wa masika, si Agosti. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta hazinitishi. Ufa unaoshuka kimshazari kutoka kona ya dirisha, mpana upande mmoja, unaniambia msingi unazama. Chumba kimoja kikiwa kimepakwa rangi mpya na vingine havijapakwa, simama hapo uulize. Panda darini ukague kenchi kama hazina mchwa.

Kuhusu haki, kuwa mkali zaidi. Fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya msajili wa hati uone kama kuna rehani au zuio. Kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi wa muuzaji aridhie. Sahihi ya mume peke yake haitoshi. Kama ni ya marehemu, anayeuza awe na barua ya usimamizi wa mirathi. Ulizia pia mipaka ya hifadhi: mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na baadhi yake zilikuwa nzuri kweli. Karibu na mto au bahari, sheria ya mazingira inataka mita 60 ziachwe wazi. Anayenunua kiwanja ili ajenge hakwepi ukaguzi huu hata kidogo.

Weka pia ushuru wa stempu, asilimia 1, pamoja na mthamini na mwanasheria. Kodi ya asilimia 10 ya faida ni ya muuzaji, lakini isipolipwa, uhamisho wa hati unakwama mikononi mwako. Ukikubali kuandika bei ndogo ili akwepe, siku utakapouza wewe faida itaonekana kubwa, na tofauti hiyo utailipa wewe.

Msimamo wangu: jenga kama una kiwanja chenye hati na fedha za kufika, kwa mkupuo mmoja, kwenye paa na vyumba viwili vya kuhamia. Ukiwa na fungu kubwa na kodi ya pango inakukaba, nunua nyumba ndogo ya zamani yenye msingi imara, uifanyie ukarabati.

Njia ya tatu inayopigiwa debe na madalali, kununua boma la mtu, ndiyo ninayoiogopa. Hapo unarithi kazi usiyoiona na gharama kubwa zaidi bado iko mbele. Dai kibali cha ujenzi na ramani iliyopitishwa na halmashauri. Tazama nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo: zikiwa zimeliwa na kutu hadi zinamenyeka, lipa bei ya kiwanja kitupu na utoe humo gharama ya kubomoa.