Je, Wajua? Nchi inayoelea angani

Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, inasimulia nchi isiyogusa ardhi: iko angani, na raia wake wapo hewani pamoja nayo. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza, na mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Kuisema waziwazi kulikuwa na gharama, kwa hiyo akajenga istiara: kisa kizima kinachosema jambo moja na kulenga jingine.

Ukiisoma, anza na majina. Anayeshtaki ni waziri Majivuno. Mshtakiwa ni Karama, na kosa lake ni kufundisha elimu ya sheria. Kumpa mhusika jina linalobeba tabia yake huitwa majazi. Halafu wapo wajumbe sita waliotumwa kutafuta maarifa ya kuifaa nchi, pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila aliyerudi na ushauri alitiwa gerezani. Hapo ndipo kejeli inapouma, kwa maoni yangu kuliko hotuba yoyote ya mahakamani: dola inagharimia safari, kisha inamfunga msafiri.