Maji yakichemka, hakuna kifungo kinachovunjika

Muulize mtu aliyesoma: maji yakichemka, ule mvuke ni nini? Wapo watakaokujibu ati maji yamevunjika yakawa haidrojeni na oksijeni. Sivyo. Lau ingekuwa hivyo, sufuria ya chai ingejaza jiko mchanganyiko wa gesi unaolipuka ukiguswa na moto. Mvuke ni maji yale yale.

Kwa maoni yangu, aghalabu kosa hili ni la lugha kabla ya kuwa la kemia.

Ndani ya molekuli ya maji, atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni hushirikiana elektroni. Hicho ndicho kifungo cha kikemia. Ukikivunja, maji si maji tena. Nje ya molekuli mambo ni mengine: molekuli huvutana na jirani zake, kila moja ikibaki na atomu zake. Huo ni mvutano baina ya molekuli. Joto likiushinda, molekuli huachana, nayo maji huwa mvuke.

Hebu tazama tarakimu. Kuvunja vifungo vyote katika gramu 18 za maji huhitaji takriban kilojuli 926. Kuyageuza maji hayo hayo kuwa mvuke, yakiwa tayari kwenye nyuzi 100, huhitaji takriban kilojuli 41 tu.

Istilahi ndiyo inayotutega. Mvutano mkuu baina ya molekuli za maji uliitwa na wanakemia "bondi ya haidrojeni", nasi tukatafsiri: "kifungo cha haidrojeni". Jina ni la kifungo, kazi ni ya mvutano. Mwanafunzi akiambiwa vifungo vya haidrojeni huvunjika maji yanapochemka, atakosaje kudhani kwamba haidrojeni imetoka?

Napendekeza hivi: "kifungo" na "kuvunja" tuviachie atomu ndani ya molekuli, "mvutano" na "kuachana" viwe vya molekuli kwa molekuli. Basi tuseme "mvutano wa haidrojeni".

Wala si jambo geni kwa Kiswahili. Sukari ikikorogwa kwenye chai, twasema imeyeyuka: molekuli zimeachana, utamu umebaki. Ikisahauliwa kwenye kikaango ikawa nyeusi na chungu, twasema imeungua: hapo vifungo vimevunjika, na sukari haipo tena. Mpishi hachanganyi vitenzi hivyo viwili. Kwa nini mwandishi wa kitabu cha sayansi avichanganye?